Mti wa Nani?

Sisi tuliolelewa Kariokor, mtaa wa Nairobi uliorithi jina lake kutoka kwa Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi waliokusanywa, wengi wao kwa nguvu, katika vita vya 1914 hadi 1918, tunaishi ndani ya kumbukumbu isiyokuwa na mti. Maelfu kwa maelfu ya watu wale walikufa kwa homa, kuhara na njaa chini ya mizigo ya wenye bunduki, na sehemu kubwa ya urithi wao ni tamko la kigeni lililosagwa na ndimi zetu mpaka likawa letu. Kwa hiyo kila nisimamapo katika Uhuru Gardens, kando ya barabara ya Lang'ata, mahali ulipopandwa mugumo kukumbuka kushushwa kwa bendera ya Uingereza na kupandishwa kwa ya Kenya usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, hunijia swali: thawabu ya mti wa ukumbusho huandikwa katika daftari la nani?

Ada ya bustani za serikali yajulikana. Mheshimiwa hupewa koleo, hutia udongo kidogo, hupigwa picha, akenda zake; mtunza bustani, ambaye jina lake halichongwi juu ya kibao, hubaki na ndoo yake kiangazi baada ya kiangazi. Wanazuoni wetu hufundisha kwamba amali hupimwa kwa nia, na kwamba apandaye mti, akala matunda yake mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Nayasadiki yote mawili, wala siamini kwamba sadaka hiyo humpita aliyenywesha.

Mugumo ukizaa, tini zake ndogo hudondoka zikapasuka, ndani mna mbegu laini kama mchanga, na sisimizi huwahi kabla ya ndege. Wazee wa Kikuyu walioomba chini yake, nyuso zao zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, waliuheshimu kuwa mti wa Mungu, na kuukata kulikuwa mwiko mkubwa.

Imepokewa kwamba Mtume alipasua kuti bichi akaliweka juu ya makaburi mawili, akitaraji wenyewe wahafifishiwe adhabu madhali halijakauka. Wapagazi wetu wengi hawana hata kaburi lijulikanalo la kuwekewa kuti. Natamani wapandiwe mugumo hapa Kariokor, karibu na soko la vyondo, na zamu ya ndoo nipewe mimi.