Kumaliza Kazi ya Mwingine

Mtu anayepokea kazi iliyoachwa njiani, je, aimalize kama alivyotaka mwanzilishi, au kama apendavyo yeye?

Huko Oxford, Uingereza, katika chuo cha Christ Church, upo ua mkubwa wa mraba uitwao Tom Quad. Kardinali Wolsey aliuanza mwaka 1525, mahali palipokuwa na nyumba ya watawa ya Mtakatifu Frideswide. Ili apate nafasi, alibomoa upande wa magharibi wa kanisa lao. Tendo hilo hatulisifu, ingawa sehemu iliyosalia ndiyo Kanisa Kuu la Oxford tangu 1546. Mwaka 1529 Wolsey alianguka, na lango lake likabaki bila mnara.

Miaka zaidi ya 150 ikapita. Ndipo akaitwa Christopher Wren, ambaye wakati huo alikuwa akijenga upya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, kwa mtindo wa Kirumi. Lakini mnara wa Oxford, wa 1681 hadi 1682, aliujenga kwa mtindo wa Kigothi, upate kupatana na kazi ya mwanzilishi. Sisi tuliofundisha tunaujua ugumu huo: ukipokea darasa la mwalimu aliyehamishwa, mkono hukimbilia kifutio kwanza.

Hata hivyo hakunakili tu. Juu aliweka kuba la kwake. Sisi twaona hakukosa.

Wolsey alitaka pia ushoroba wa matao kuuzunguka ua. Haukujengwa. Alama za matao hayo zingali ukutani.