Jua ni la Wote, Sura Ina Mwenyewe

Katika mila zetu asubui ina sheria moja: salamu kwanza. Mtoto haombi chakula, jirani hadai deni, mbele ya kuuliza: «Muliamuka?» Siku hizi vijana wengi wa Bukavu, na sisi pia kati yao, tumepata furaha mpya: kushuka mapema kandokando ya ziwa Kivu na kupiga foto za jua linapotoka. Ndipo tunajiuliza: foto nayo inapashwa kungojea salamu?

Furaha yenyewe ni ya kweli. Kwetu tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka wote jua linatoka karibu saa 12 asubui, nyuma ya milima ya Rwanda. Mwangaza wa kwanza haukawii: nusu saa hivi, giza limekuwa mchana. Jua likiwa chini, mwangaza wake unapita katika hewa nyingi; rangi ya buluu inatawanyika njiani, nyekundu ndiyo inafika. Bazee wengine wanacheka: «Jua ni la kila siku, munapiga foto ya nini?» Lakini mwenye kulala hajui kama asubui mbili hazifanani. Apareyi imetufundisha kuamka na kutazama.

Tena, ndani ya mwangaza ule kuna watu. Wavuvi wa sambaza wanarudi saa ile ile, mitumbwi mitatu imeungwa kwa miti, taa zimezimwa, macho yamechoka. Bamama wanawangojea na mabeseni. Kwetu ni uzuri. Kwao ni mwisho wa kazi ya usiku, pengine bila samaki wa kutosha. Mwingine atasema: mule ndani ya foto ni kivuli tu, sura haionekani. Sisi tunasema: jirani zake wanajua mtumbwi wake. Kivuli nacho kina mwenyewe.

Basi, wandugu, tusiache furaha hii, lakini tuiingize katika mila. Jua halina mlinzi, mulipige foto munavyotaka. Mbele ya mtu, apareyi ishuke kwanza, mdomo useme jambo. Akikubali, mumuonyeshe foto yake. Akikataa, mwangaza utapita, ndiyo, na hautarudi vile vile. Tuuache upite. Kesho saa 12 jua litatoka tena, na mvuvi yule ataitika salamu yetu.