Kuuza Samaki Aliye Majini: Mlango wa Ndani wa Tovuti ni wa Nani?

Fungua tovuti yoyote kwenye kompyuta, bonyeza F12, kisha nenda sehemu inayoonyesha mawasiliano ya mtandao. Utaona kwamba ukurasa ulio mbele yako haukuletwa mzima. Kivinjari hutuma maombi madogo madogo kwa seva, nayo seva hujibu kwa data tupu: majina, tarehe, bei, alama za mtihani. Kila ombi lina anwani yake. Mwenye ujuzi kidogo wa Python anaweza kuinakili anwani hiyo, akaiita mwenyewe bila kupitia ukurasa, na akapata data ileile papo hapo.

Hiyo ndiyo API ya ndani. Mwenye tovuti aliitengeneza kwa ajili ya ukurasa wake. Hakuitangaza wala hakuiandikia maelezo. API ya wazi ni kitu kingine. Ina maelezo, ina ufunguo unaopewa baada ya kujiandikisha, ina kikomo cha maombi, ina masharti. Wenzetu wa kitivo cha kompyuta wanaijua tofauti hii kwa upande wa ufundi. Tunalolizungumza kidogo ni kama ina uzito wowote katika halali na haramu.

Majibu mawili husikika upesi. Mmoja atasema mlango haukufungwa, basi kuingia ni halali. Mwingine atasema hukupewa idhini, basi ni wizi, na ataitaja aya ya 189 ya Suratul-Baqara, inayoamrisha nyumba ziingiwe kwa milango yake. Huyu wa pili ana haraka. Aya ile, kama ilivyopokewa, ilishuka kuhusu watu waliokuwa wakiingia nyumba zao wenyewe kwa nyuma wakati wa Hija, wakidhani huo ndio uchamungu. Kuigeuza fatwa ya seva ni kuibebesha mzigo ambao yeye mwenyewe hajaupima.

Wa kwanza naye hajafika mbali. Nchini Marekani kampuni ya hiQ ilikuwa ikikusanya kwa programu wasifu wa watu ulio wazi kwenye LinkedIn. Haikuwa API ya ndani hasa, lakini swali ni lilelile. Mahakama ya rufani, mwaka 2019 na tena 2022, ilielekea kuona kwamba kusoma kurasa zilizo wazi kwa umma si udukuzi kwa mujibu wa sheria yao. Hata hivyo, Novemba 2022 mahakama ya chini iliona kuwa hiQ imevunja masharti ya matumizi ya LinkedIn, na mwezi uliofuata shauri likaisha kwa makubaliano yenye hukumu ya dola 500,000 dhidi ya hiQ. Mlango ulikuwa wazi, na bado kulikuwa na neno lililovunjwa. Nasi tumefundishwa kwamba Muislamu hufungwa na masharti aliyoyakubali, hata yale tunayoyabonyezea "nakubali" bila kuyasoma.

Lakini tovuti nyingi hazisemi lolote kuhusu milango yao ya ndani. Zimenyamaza. Hapa kuna kanuni inayonasibishwa na Imam Shafi: aliyenyamaza habandikwi kauli. Kimya cha mwenye tovuti si ndiyo, wala si hapana. Kwa maoni yangu hapa ndipo tofauti yenyewe ilipo. API ya wazi ni ahadi: mwenyewe amejifunga kwamba ukiomba hivi, utajibiwa hivi. Anaweza kuivunja ahadi hiyo, na wapo walioivunja. Mwaka 2023 Reddit ilitangaza kutoza dola 0.24 kwa kila maombi 1,000, na mtengenezaji wa programu ya Apollo, aliyepiga hesabu ya dola milioni 20 kwa mwaka, akaifunga programu yake Juni 30. Lakini watu walikuwa na la kulalamikia, kwa sababu palikuwa na ahadi. API ya ndani ikibadilishwa usiku wa leo, hakuna aliyekudhulumu. Hukuahidiwa kitu.

Basi nani anaumia? Ukiitumia peke yako, kwa data yako, kwa maombi machache, hasara ikija ni yako. Sioni dhambi hapo. Wanafunzi wa uchumi hutumia yfinance kuvuta bei za hisa. Si chombo rasmi cha Yahoo, na waandishi wake wanasema hivyo waziwazi. Imewahi kukatika Yahoo walipobadilisha mambo, ikarekebishwa, ikakatika tena. Mwenye utafiti anayeandika katika tasnifu yake kwamba data ilitoka huko, kwa njia hiyo, tarehe hiyo, ametimiza wajibu wake. Anayeandika tu "chanzo: Yahoo Finance", kana kwamba alipewa na wenyewe, amempa msomaji dhamana asiyokuwa nayo.

Mambo hubadilika unapoanza kuuza. Tuseme kijana ametengeneza boti ya WhatsApp inayosoma mfumo wa wanafunzi wa chuo chake kupitia API ya ndani: inakuletea alama zako, salio la ada, na tarehe ya mwisho ya kusajili masomo, kwa shilingi 2,000 kwa muhula. Wenzake 300 wanalipa. Wiki ya usajili chuo kinabadilisha mfumo, boti inanyamaza, na watu waliozoea kukumbushwa wanapitwa na tarehe. Mwanafunzi mmoja akikosa muhula, shilingi 2,000 atakazorudishiwa zitamfaa nini?

Wanafikihi walilijadili jambo hili kabla ya umeme. Walikataza kuuza samaki aliye bado majini na ndege aliye angani, kwa sababu muuzaji anauza asichoweza kukikabidhi. Wakakiita gharar. Huyu kijana anauza samaki wa bwawa la mtu, ambaye kamwona jana na kesho huenda hayupo. Wamaliki waliivumilia gharar katika zawadi, kwa kuwa asiyelipa hana mali yake iliyopotea. Ni hoja nzuri, na kwayo boti ya bure ina nafuu. Hata hivyo katika usajili mali si kitu pekee kinachopotea, kwa hiyo hata anayetoa bure nadhani anawajibika kuwaambia watu, kwa herufi kubwa, kwamba chombo hiki kinaweza kufa bila taarifa.

Kuna kubwa kuliko hilo. Ili boti isome alama zako, umempa kijana nywila yako. Nywila 300 kwenye kompyuta moja ya hosteli, pengine ndani ya faili lisilofungwa. Hiyo ni amana ambayo hakuna aliyemfundisha kuibeba. Na API za ndani mara nyingi hazikagui vizuri: ukibadilisha namba ya usajili ndani ya anwani, yanakuja matokeo ya mtu mwingine. Hapo hatubishani tena kuhusu mlango wa chuo. Alama zile ni za mwenzako, naye hajaulizwa. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, lakini hata kusingekuwa na sheria, kupekua siri ya mtu kuna jina lake, na jina hilo tunalijua.

Vipi kuhusu uongo kwa mashine? Kila ombi hujitambulisha, na programu nyingi hujitambulisha kama kivinjari cha kawaida. Hili halinisumbui sana. Vivinjari vikubwa vyote hadi leo hujiita Mozilla, desturi iliyobaki tangu miaka ya 1990, wengine walipoiga jina la Netscape ili seva ziwapokee. Neno ambalo kila mtu analisema na hakuna anayeliamini limekuwa kama salamu. Lakini ukishazuiwa, ukabadilisha jina ili upite, sasa umemdanganya aliyekuambia hapana.

Wenye milango nao wana hesabu yao. Microsoft ilishutumiwa kwa miaka kuwa programu zake zinatumia njia za ndani za Windows ambazo washindani hawakuelezwa, na makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama Marekani mwaka 2002 yaliilazimu kufichua baadhi yake. Siri ya mlango inaweza kuwa dhuluma. Chuo kinachokusanya ada na alama zetu, kisha kikatupa ukurasa usiofunguka siku ya matokeo, hakiwezi kushangaa vijana wakitafuta pa kupitia.

Ile kanuni ya kimya ina nusu ya pili: kunyamaza mahali panapohitaji kusema huhesabiwa kuwa kauli. Kijana wa boti akiandika barua kwa ofisi ya kompyuta ya chuo, akaeleza anachofanya na anachoomba, kimya cha ofisi baada ya barua hiyo hakitakuwa sawa na kimya cha kabla yake. Wengi hawaiandiki, wakihofia jibu.