Ua la Kilimani na Punda Milia: Fedha Zipewe Nani?

Vilima vya Fungurume, katika jimbo la Lualaba, havina miti kama msitu unaovizunguka. Udongo wake umejaa shaba, nayo ni sumu kwa miti. Lakini kuna maua madogo yaliyoizoea sumu hiyo tangu zamani. Moja, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense, liliwaonyesha watafuta madini mahali pa kuchimba, tena limeota hata juu ya mabaki ya tanuru za wazee walioyeyusha shaba. Ua hilo laweza kuishi penye udongo uliochimbuliwa. Wenzake wengi hawawezi. Aina thelathini hivi hazimei po pote duniani ila katika udongo wa shaba wa Katanga. Mwaka 2009 mgodi mkubwa ulianza kutoa shaba hapo Fungurume, na kilima kikisha kuchimbwa hakirudi.

Upande wa kaskazini-mashariki iko Parki ya Taifa ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939. Katika uwanda wake wa juu wamebaki punda milia wa mwisho wa Kongo nzima. Walinzi wao wahitaji mshahara, chakula, viatu na gari. Tena wako waliouawa kazini.

Tuseme basi kwamba mtu amekabidhiwa mfuko mmoja wa fedha, nao hauwatoshi wote. Ampe nani?

Wengi hujibu upesi: punda milia. Watoto wa shule humchora, wageni hulipa ili wamwone, wala hakuna aliyepata kulia kwa ajili ya jani. Jibu hilo si la kudharauliwa, kwa maana amlindaye punda milia hulinda pia nyasi, mito na ndege. Lakini punda milia wako Zambia na Tanzania. Kongo ikiwapoteza ni aibu na hasara ya Kongo. Ua la Fungurume likipotea, limepotea kwa watu wote.

Wengine husema: gawanya sawasawa, kama mama agawavyo ugali. Laonekana kuwa neno la haki. Lakini nusu ya mshahara hailindi nusu ya parki. Humfanya mlinzi aache kazi, au auze nyama ya mnyama aliyeajiriwa kumlinda.

Yafaa kukumbuka yaliyotokea Garamba, kaskazini ya nchi hiyo hiyo. Mwaka 1984 vifaru weupe wa kaskazini waliobaki huko walikuwa kumi na watano hivi. Walilindwa kwa bidii, wakaongezeka hata kufika thelathini hivi. Ndipo vikaja vita na majangili. Mwaka 2005 lilitolewa shauri la kuwahamisha wachache kwenda Kenya, lisitimizwe. Baadaye hakuonekana hata mmoja. Dume la mwisho la aina hiyo, jina lake Sudan, alikufa Kenya mwaka 2018, wakabaki majike wawili. Sasa wataalamu hutafuta uzao kwa kuchukua mayai ya jike na kuyatungisha katika chupa, kazi ya gharama kubwa mno. Huruma ilikuja na mfuko uliojaa, lakini ilichelewa.

Kwa hiyo anayegawa asiulize tu ni nani anayependwa zaidi. Aulize faranga moja itafanya nini leo ambacho faranga elfu hazitaweza kesho. Kukusanya mbegu kabla ya mashine kufika, kuhamisha udongo wa juu, kuacha kilima kimoja bila kuguswa: hayo ni ya leo. Kilichobaki kiende Upemba, na kitoshe kituo kimoja cha walinzi, kuliko kunyunyizwa po pote.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wagawaji hulipita kimya. Gharama ya ua la kilimani si sadaka, ni deni, na mwenye deni ni yule anayechimba kilima. Si haki fedha zilizotolewa kwa huruma zimlipie. Lakini mdaiwa akikawia, ua halimngoji. Hapo mgawaji atoe kwanza, aandike katika daftari, kisha aende kudai.

Tena aandike jina la mwingine: mama wa kijijini aliyekatazwa kuchoma makaa karibu na parki. Yeye ametoa kabla ya wote, wala hakuna aliyemwuliza kama anaweza.