Tumaini na Siku ya Uteuzi

Mwanadamu huishi katika siku tatu kwa wakati mmoja: jana aikumbukayo, leo aishikayo, na kesho aitazamiayo. Katika hizo tatu, kesho ndiyo tamu kupita zote, maana haijapata kumkatalia mtu neno lolote. Kwa hiyo si ajabu kuwa watu wengi huona raha zaidi katika jambo wanalolingoja kuliko katika jambo walilokwisha pata. Wahenga wetu walilitazama jambo hili kwa macho mawili. Jicho moja liliona kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Jicho la pili likaona kuwa kutangulia si kufika. Methali hizi mbili zaonekana kugombana, na ugomvi wao ndio shauri la insha hii. Je, ni haki, na ni busara, kuweka tumaini kubwa juu ya kijana ambaye hajajaribiwa? Na kama ni haki, mwenye kutumaini anadaiwa nini na yule anayetumainiwa?

Ili tulipime swali hili bila upendeleo, natwaa mfano wa mbali. Jambo la nyumbani hututia hasira au furaha kabla ya kutufundisha. Jambo la mbali twaweza kuligeuza mkononi na kulitazama pande zote. Mfano wangu ni mchezo wa besiboli katika nchi ya Marekani, na hasa siku moja ya mchezo huo inayoitwa siku ya uteuzi.

Katika besiboli mtu mmoja hurusha mpira kwa nguvu, mwingine huupiga kwa gongo, na akiisha kuupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne ili aipatie timu yake alama. Timu kubwa ni 30, na kila moja hucheza mara 162 katika msimu mmoja. Zamani kijana hodari aliweza kuchukuliwa na timu yoyote iliyomwahidi fedha nyingi. Matokeo yake msomaji ataweza kuyakisia: timu tajiri zilijaza ghala, na timu maskini zilibaki kuokota makombo. Mwaka 1964 kijana mmoja, Rick Reichardt, alilipwa dola 205,000 na timu ya Los Angeles Angels kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kubwa. Wakuu wa mchezo wakaona kuwa hali hiyo haiwezi kuachwa, na mwaka 1965 wakaanzisha uteuzi. Tangu hapo timu zilichagua vijana kwa zamu, na kwa kawaida zile zilizoshindwa zaidi mwaka uliopita zilitangulia kuchagua. Kijana wa kwanza kabisa kuteuliwa kwa njia hiyo alikuwa Rick Monday, aliyechukuliwa na timu ya Kansas City Athletics.

Tazama basi jinsi sheria hii ilivyo ngeni. Mahali pengi duniani mshindi hutangulia kula. Hapa aliyeshindwa ndiye anayetangulia. Kwa sababu hiyo mshabiki wa timu dhaifu, ambaye mwaka mzima amekuwa akirudi nyumbani kichwa chini, ana sikukuu yake mwenyewe. Miezi mingi kabla ya siku hiyo huanza kusoma habari za vijana wa shule na wa vyuo. Hujua mwendo wa mpira wa mrushaji fulani, na urefu wa mpigaji fulani, na goti la mdakaji fulani lililoumia. Huandika orodha ya majina, huifuta, kisha huiandika upya. Hubishana na rafiki zake: je, achaguliwe mvulana wa miaka 18 ambaye mwili wake haujakomaa, au kijana wa chuo wa miaka 21 ambaye nguvu zake zimekwisha onekana? Humpenda mtu ambaye hajapata kumwona kwa macho, na humwona katika fikira zake akiwa amevaa sare ya timu yake.

Mtu mwenye busara kavu atasema kuwa huu ni upuuzi mtupu. Atatoa hoja mbili, na zote mbili zina uzito. Hoja ya kwanza ni kuwa matunda ya uteuzi huu hayaliwi mwakani. Kijana aliyeteuliwa hupelekwa katika timu ndogo, akapanda daraja moja baada ya jingine, na aghalabu miaka kadhaa hupita kabla ya kufika katika ligi kubwa. Na wengi hawafiki kamwe. Hoja ya pili ni kuwa wateuzi wenyewe, ambao kazi yao ni kupima vijana, hukosea mara nyingi. Mwaka 1966 timu ya New York Mets ilikuwa ya kwanza kuchagua. Ilimtwaa mdakaji aliyeitwa Steve Chilcott. Kansas City Athletics, waliokuwa wa pili, wakamtwaa Reggie Jackson. Chilcott aliumia bega, wala hakupata kucheza hata siku moja katika ligi kubwa. Jackson alipiga mipira 563 iliyovuka uwanja, na mwaka 1993 jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo lililoko Cooperstown.

Lakini ushahidi ulio mzito zaidi ni ule wa mwaka 2016. Mwaka huo wachezaji wawili waliingizwa pamoja katika jumba hilo. Mmoja alikuwa Ken Griffey Jr., aliyeteuliwa wa kwanza kabisa mwaka 1987 na timu ya Seattle Mariners. Wa pili alikuwa Mike Piazza, aliyeteuliwa mwaka 1988 na Los Angeles Dodgers katika zamu ya 62, baada ya vijana 1,389 kutajwa mbele yake. Na hata hapo alitajwa kwa hisani tu, kwa kuwa baba yake alikuwa rafiki wa meneja wa timu hiyo. Griffey alikuwa nyota iliyoonekana asubuhi. Piazza alikuwa nyota ambayo asubuhi haikuiona. Jukwaa lilikuwa moja, na heshima ilikuwa moja.

Tuseme nini basi? Tuseme kuwa methali zetu mbili hazigombani, bali kila moja huzungumza na mtu wake. Ile ya kwanza humwambia mlezi: angalia dalili njema mapema, uzitunze. Ile ya pili humwambia aliyesifiwa: usikae. Kosa huja tunapozibadilisha mahali, tukamwambia kijana aliyesifiwa kuwa nyota yake imekwisha onekana, na tukamwambia mlezi kuwa asijishughulishe kwa kuwa dalili si kitu.

Tena, hoja za mtu mwenye busara kavu hazivunji tumaini, huvunja uhakika. Uhakika ni kitu kimoja, na tumaini ni kitu kingine. Apandaye mnazi hana hakika ya kula nazi zake. Upepo, mdudu na mauti vyote vina njia ya kumfikia. Hata hivyo tukimcheka apandaye minazi, tutakaa bila kivuli na bila tui. Mshabiki anayengoja siku ya uteuzi hufanya jambo linalofanana na hilo. Hukubali kuipenda timu yake wakati isipompa kitu, na hukubali kungoja miaka mingi. Huo ni uaminifu, na uaminifu ni tabia ambayo dunia haina nyingi.

Lakini tumaini, kama moto, lina mahali pake. Likitoka jikoni likapanda juu ya paa, haliitwi tena moto wa kupikia. Nitataja hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni tumaini linalokula siku ya leo. Kwa kuwa aliyeshindwa zaidi ndiye aliyetangulia kuchagua, wako washabiki waliotamani timu yao ishindwe, na wako viongozi walioshukiwa kutojali kushindwa. Timu ya Houston Astros ilishindwa mara 106 mwaka 2011, mara 107 mwaka 2012, na mara 111 mwaka 2013. Mwaka 2017 ilitwaa ubingwa, na watu wengi wakasema kuwa njia ile ilikuwa ya hekima. Walakini mwaka 2020 uchunguzi wa wakuu wa ligi ulionyesha kuwa katika msimu ule wa ubingwa timu hiyo ilitumia kamera kuiba ishara za wapinzani wake. Sisemi kuwa kushindwa kwa miaka mitatu ndiko kulikozaa wizi. Nasema tu kuwa mtu akizoea kuuhesabu mwisho peke yake, njia huanza kuonekana kama kitu kidogo. Na kwenye njia kuna watu: mchezaji anayetoka jasho leo, na mtoto aliyelipiwa kiingilio ili aone watu wakijitahidi. Hao wana haki juu ya siku ya leo. Wakuu wa mchezo walilitambua jambo hili, na tangu uteuzi wa mwaka 2023 nafasi sita za kwanza hutolewa kwa kura, ili kushindwa kusiwe tena biashara yenye faida ya hakika.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu humdhuru mtu mwingine. Ni tumaini linalogeuka kuwa deni. Kijana aliyeteuliwa hakuichagua timu; timu ilimchagua. Aweza kukataa fedha, akaenda chuoni na kungoja uteuzi mwingine, lakini akiteuliwa tena ataitwa na timu moja tu. Hakumwomba mshabiki ampende. Basi akivunjika mkono, au kipaji chake kikikauka, amemwibia nani? Mwaka 2013 Houston Astros walimteua Mark Appel awe wa kwanza katika nchi nzima. Mambo hayakumwendea vizuri. Mwaka 2018 aliuacha mchezo bila kufika katika ligi kubwa, na wako waliomtaja kama mfano wa kushindwa. Baadaye alirudi kujaribu tena, na mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 30, alirusha mpira wake wa kwanza katika ligi kubwa akiwa na timu ya Philadelphia Phillies. Mtu huyu hakubadilika kuwa mwema siku alipoteuliwa, wala hakuwa mwovu siku alipoanguka. Kilichobadilika ni hesabu za wengine. Tumaini lililokuwa zawadi lilipogeuzwa kuwa deni, lilidai malipo kwa mtu ambaye hakukopa.

Sasa, msomaji, acha uwanja wa mbali uutazame wako. Wewe nawe unatumainiwa. Huenda kuna mama aliyeuza kuku wake ili upate ada, na mjomba anayekutaja kila penye watu wawili. Wewe nawe utawekwa katika orodha siku ya matokeo, mwenye nambari ya kwanza juu na mwenye nambari ya mwisho chini. Orodha ni kipimo cha jana. Usikidharau, maana hakikuandikwa bure. Lakini usikiabudu, maana hakijui utakavyoamka kesho. Ukiwa wa kwanza, kumbuka mwaka 1966. Ukiwa wa mwisho, kumbuka yule aliyetajwa wa 1,390.

Kumbuka pia kuwa orodha haikamilishi watu wote. Uteuzi ule wa besiboli huwahusu vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini hakuwamo humo. Timu ya Pittsburgh Pirates ilimwandikisha pembeni mwaka 2008, na mwaka 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika ligi kubwa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, waliiwakilisha Afrika katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, na walikuwa timu ya kwanza ya bara hili kucheza huko. Macho ya wateuzi hufika mbali, lakini dunia ni kubwa kuliko macho yao.

Na siku itakapofika zamu yako ya kuwatumaini wengine, awe ni mdogo wako, mwanafunzi wako au mtoto wako, shika mambo matatu. Tumaini kwa subira, kwa kuwa tunda lililovunjwa likiwa bichi haliivi vizuri. Tumaini kwa mikono, yaani saidia palipo na kazi, wala usikae kitako ukingoja kushangilia. Na tumaini kwa mkono uliofunguliwa, ili yule unayemtumainia akienda njia nyingine asikukute umeushika ukosi wake.

Mshabiki wa besiboli ataendelea kuandika orodha zake kila mwaka, na mara nyingi atakosea. Simlaumu kwa kukosea. Nitamlaumu kama, baada ya kukosea, atamchukia kijana badala ya kuirekebisha orodha. Tumaini jema hujulikana kwa alama moja: likikosa kutimia, mwenye nalo humpungukia furaha, lakini hampungukii mapenzi.