Sifa ya "Hana Makuu"



Kwetu tukitaka kumsifia mtu tunasema "hana makuu". Mchumba akitambulishwa nyumbani, mashangazi wanaulizana pembeni kama ana makuu. Padre mgeni akija parokiani, wiki ya pili tu tushampa cheti: "Huyu hana makuu kabisa." Na msibani, hata kwa marehemu ambaye hatukumfahamu vizuri, neno ni hilo hilo.

Ni sifa nzuri. Ila ina swali ndani yake. Je, Mkristo anaruhusiwa kuyataka makuu? Kijana anayetamani kuwa daktari bingwa, au mwanamuziki anayejulikana duniani, ana majivuno? Hata sisi waseminari, mmoja akitaniwa kwamba atakuwa askofu, utamwona anakana huku ananyoosha kola. Na yule aliyeyataka makuu akayakosa, akabaki mtu wa kawaida, ndiyo kusema ameshindwa maisha?

Swali hili nimekuwa nikilitafakari kwa kuwaangalia watu ambao huenda hujawahi kuwawaza: waimbaji wa kwaya za opera. Nivumilie kidogo, utaona kwa nini.

Watu 80 nyuma ya mmoja

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake karibu yote huimbwa, pamoja na okestra, na kwa desturi bila maikrofoni. Mbele wanasimama waimbaji wakuu, wenye majina kwenye mabango. Nyuma yao ipo kwaya. Hao ndio askari, wafungwa, wanakijiji na wageni wa harusini. Leo ni watumwa huko Babeli, kesho ni wafanyakazi wa kiwanda cha sigara nchini Hispania.

Chukua mfano wa Metropolitan Opera ya New York. Ilianza mwaka 1883, na jumba lake la sasa, lililofunguliwa mwaka 1966, lina viti karibu 3,800. Kwaya yake ya kudumu ina waimbaji wapatao 80. Ukisikia kwaya usidhani ni kama sisi wa Jumamosi jioni, tunafika mazoezini tumechelewa na nusu yetu hatujapitia noti. Hawa wamesomea uimbaji kwa miaka. Wanaimba Kiitalia, Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, hata Kicheki, bila kitabu mkononi, huku wanatembea jukwaani na kuigiza, jicho moja kwa kondakta. Asubuhi wanaweza kuwa kwenye mazoezi ya opera moja, na jioni wakavaa mavazi ya opera nyingine. Kuanzia 2007 hadi 2024 mkuu wa kwaya hiyo alikuwa Donald Palumbo. Wapenzi wa opera wanamfahamu. Lakini waulize hao hao majina matatu tu ya waimbaji wake, wengi watakwama.

Sasa mfikirie mtu huyo mmoja wa mstari wa nyuma. Ana sauti ambayo parokiani kwako ingefanya watu wageuke kuangalia juu kwenye kwaya. Alipoanza kusoma, huenda aliota kusimama mbele. Akaingia kwenye usaili ambao wengi wanagombea nafasi chache, akapata. Na baada ya yote hayo kazi yake ni hii: sauti yako isitokeze. Ichanganyike na ya jirani. Tumia kila ulichojifunza ili asijulikane nani ameimba.

Wapo wanaoichukua nafasi hiyo kama ngazi ya kupandia, na kweli wengine hupewa sehemu ndogo za kuimba peke yao. Wapo pia walioichagua kwa macho makavu. Mwimbaji mkuu analipwa kwa onyesho. Akiugua koo usiku huo hana chake, na maisha yake ni hoteli na viwanja vya ndege. Mwanakwaya wa kudumu ana mshahara, na usiku analala kwake, na watoto wake wanamjua. Kwa hiyo usikimbilie kumhurumia. Lakini swali linabaki: ukuu wake uko wapi?

Mtakatifu Thomas hakuogopa neno "makuu"

Tulipofika kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino darasani, jambo moja lilinishtua. Katika Summa Theologiae anaifundisha fadhila ambayo sisi tungeiita moyo mkuu. Ni fadhila ya mtu anayenyoosha moyo wake kuelekea mambo makubwa. Alilipokea wazo hilo kutoka kwa Aristotle, akalibatiza. Yaani kwa Thomas kuyataka makuu kunaweza kuwa utakatifu.

Dhambi basi iko wapi? Anasema tamaa ya makuu huharibika kwa njia tatu. Kwanza, mtu anapotaka heshima kwa ubora ambao hana. Pili, anapoitaka heshima iishie kwake bila kumrudishia Mungu aliyempa kipaji. Tatu, anapotulia kwenye heshima yenyewe, isiwafae wengine kitu. Hebu soma tena hizo tatu halafu fikiria ugomvi wa kugombea solo kwenye kwaya zetu kabla ya Pasaka. Utacheka, kisha utanyamaza.

Ila Thomas haishii hapo, na upande wa pili ndio tunaousahau. Kuna dhambi ya kupunguza pia, dhambi ya moyo mdogo. Mfano anaoutumia ni yule mtumishi wa Injili aliyefukia talanta yake ardhini kwa woga. Mtumishi yule hakuiba wala hakutapanya. Kwa lugha yetu ya mtaani, hakuwa na makuu! Na bwana wake hakumsifu.

Unyenyekevu nao? Thomas anasema hauugombanishi moyo mkuu. Moyo mkuu unatazama zawadi za Mungu zilizo ndani yangu na kusema: kwa hizi naweza kufanya jambo kubwa. Unyenyekevu unatazama upungufu wangu mwenyewe na kusema: bila Yeye siwezi. Mtu mmoja anaweza kusema yote mawili siku moja bila kujipinga. Hata Yakobo na Yohane walipoomba viti vya kulia na kushoto (Marko 10), Bwana hakuwaambia waache kutaka kuwa wakubwa. Aliwaonyesha barabara ya kufika, na barabara yenyewe ni kutumika.

Kwa kipimo hiki, mwanakwaya anayejinoa kwa bidii yote ili kazi ya wote isimame ana moyo mkuu. Na mwimbaji wa mbele anayeimba ili apigiwe makofi tu anaweza kuwa na moyo mdogo. Mahali unaposimama jukwaani hakusemi lolote kuhusu hilo.

Kuna wimbo ambao mmoja hawezi

Tarehe 9 Machi 1842, katika jumba la La Scala mjini Milano, iliimbwa kwa mara ya kwanza opera ya Giuseppe Verdi iitwayo Nabucco. Ni habari ya Nebukadneza na Wayahudi waliochukuliwa mateka. Wimbo wake maarufu kuliko yote, Va, pensiero, hauimbwi na mfalme wala binti mfalme. Unaimbwa na kwaya, watumwa wanaoikumbuka nchi yao, kwa wazo lililotoka kwenye Zaburi ya 137.

Jaribu kumpa wimbo ule mtu mmoja, hata awe bingwa wa dunia. Utakuwa mzuri, lakini utakuwa huzuni ya mtu mmoja. Uhamisho ulikuwa wa taifa, na taifa linasema "sisi". Sisi Wakatoliki tunalijua hili kuliko tunavyodhani. Sala aliyotufundisha Bwana, ukiisali peke yako chumbani umefunga mlango, bado inakulazimisha useme "wetu" na "utupe".

Kwa hiyo kwaya si jalala la waimbaji walioshindwa kuwa wakuu. Ina kazi yake, na kazi hiyo haina mtu mwingine wa kuifanya.

Lakini tusidanganyane

Hapa kuna mtego. Mafundisho kama haya yanapendwa sana na wakubwa. "Wewe ni kiungo tu cha mwili, tulia mahali pako, Mungu anakuona." Mfanyakazi asiyelipwa anaambiwa ajitolee. Binti wa kazi anaambiwa awe mnyenyekevu. Mtu akiutumia unyenyekevu kumnyamazisha mwenzake anayedai haki yake, hapo hakuna fadhila tena.

Waimbaji wa opera wa Marekani hawakuulewa unyenyekevu hivyo. Tangu mwaka 1936 wana chama chao, American Guild of Musical Artists, kinachojadili mishahara na saa za kazi. Metropolitan ilipofunga milango Machi 2020 kwa sababu ya korona, kwaya na okestra walikaa miezi mingi bila mshahara. Hawakusema "sisi ni wa nyuma tu". Walikaa mezani kupitia vyama vyao hadi makubaliano yakapatikana, na jumba likafunguliwa tena Septemba 2021. Papa Leo XIII alishafundisha katika Rerum Novarum, mwaka 1891, kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana na kupata ujira wa haki. Mtu anaweza kukubali sauti yake isitokeze kwenye wimbo na bado akataka jina lake litokeze kwenye orodha ya mishahara. Hayo mawili hayagombani.

Sauti ikikatika

Unyenyekevu wa kweli unafananaje, basi? Kuna opera nyingine inayonisaidia, Dialogues des Carmélites ya Mfaransa Francis Poulenc, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza La Scala mwaka 1957. Msingi wake ni habari ya kweli: watawa 16 wa Karmeli wa Compiègne waliokatwa vichwa mjini Paris tarehe 17 Julai 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Desemba 2024 Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu.

Mwisho wa opera hiyo watawa wanapanda kwenda kuuawa huku wanaimba Salve Regina. Panga linaanguka, kishindo kinasikika kwenye okestra, na sauti moja inatoweka. Wanaendelea. Kishindo kingine, sauti nyingine haipo. Wimbo unazidi kuwa mwembamba. Wengi wa watawa hao hawakupewa hata wimbo wa kuimba peke yao jioni nzima, usingeweza kusema ni nani kati yao anaimba nini. Lakini kila mmoja anapoondoka, unasikia pengo lake.

Nadhani hapo ndipo nilipopata jibu langu. Sisi tunapima thamani ya mtu kwa kuuliza: anasikika? Poulenc anauliza vingine: akinyamaza, wimbo unabaki ule ule? Mama anayefagia kanisa Jumamosi hasikiki. Mzee wa jumuiya anayegonga mlango wa mgonjwa hasikiki. Subiri siku wasipokuja.

Mwoka mikate wa Modena

Nimalizie na baba na mwana. Fernando alikuwa mwoka mikate katika mji wa Modena, Italia. Alikuwa na sauti nzuri ya tenor, lakini hofu ya jukwaa ilimzuia kuifanya kazi. Aliimba kanisani na katika kwaya ya mji, na mwanawe akaimba naye. Mwaka 1955 kwaya yao ilikwenda Llangollen, Wales, kwenye mashindano ya kimataifa, ikashika nafasi ya kwanza. Kijana alikuwa na miaka 19. Jina lake Luciano Pavarotti. Miaka sita baadaye alianza kuimba opera kama mwimbaji mkuu, na mengine dunia inayajua.

Je, Fernando alifukia talanta? Hofu ilikuwepo, hilo halifichiki, na Thomas angemuuliza. Lakini talanta iliyofukiwa haizai, na ya kwake ilizaa. Kila siku alioka mikate, akasimama kwenye mstari wa kwaya, na mtoto aliyesimama pembeni yake akajifunza kupenda kuimba.

Luciano alizikwa Septemba 2007. Katika Kanisa Kuu la Modena ilipigwa rekodi ya zamani, yeye na baba yake wanaimba pamoja Panis Angelicus, Mkate wa Malaika. Watu walisimama wakapiga makofi. Maneno ya wimbo huo yanatoka katika utenzi wa sikukuu ya Ekaristi, na mtunzi anayetajwa ni Mtakatifu Thomas wa Akwino, yule yule aliyetufundisha juu ya moyo mkuu.

Rafiki yangu, yatake makuu. Soma, fanya mazoezi, jaribu usaili, usiufiche woga wako nyuma ya neno unyenyekevu. Ukipata nafasi ya mbele, imba kwa ajili ya walio nyuma yako. Ukibaki nyuma, imba kwa nguvu ile ile.

Wiki hii jiulize mawili haya kabla ya kulala:

1. Ni talanta gani nimeifukia huku nikijisifu kwamba sina makuu?
2. Ni nani anayenibeba kimya kimya, ambaye sijawahi kumwambia asante?

*Ee Bwana, uliyenipa sauti, nipe moyo wa kuitumia yote. Uniondolee hamu ya kusikika na woga wa kuimba. Na siku nitakapokoma kuimba duniani, unipokee katika kwaya yako. Amina.*