Nguo ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi, nikilimeza neno la mwisho kwa haya, wala sikudhani kwamba ingenirudia uzeeni kwa sababu ya picha za matangazo ya mavazi.

Mjukuu wangu hushona magauni hapa Dar es Salaam, na si magauni ya kila mtu. Moja tu laweza kumeza pensheni yangu ya mwezi. Siku moja alikuja kunieleza kwamba anataka gauni lake jipya la hariri lipigwe picha kwenye soko la samaki la Feri: mrembo asimame katikati ya moshi na makarai ya mafuta, na kina mama wanaokaanga samaki wawe nyuma yake. Nikamwuliza hariri na samaki wamejuana lini. Akacheka. "Babu, hiyo ndiyo sanaa." Mwalimu mwenzangu mstaafu, aliyefundisha uchoraji maisha yake yote na ambaye hakosi barazani kwangu saa ya chai, akamwunga mkono. Mimi nikapinga. Tukabishana hadi chai ikapoa.

Kesho yake binti akarudi na simu imejaa picha, ili anielimishe. Ya kwanza ilipigwa na Mmarekani Richard Avedon huko Paris mwaka 1955. Mwanamke mwembamba, aliyeitwa Dovima, amevaa gauni jeusi la Dior lenye utepe mrefu mweupe, amenyoosha mikono baina ya tembo wa sarakasi. Haikuwa tangazo kamili, ilikuwa picha ya jarida la mitindo, lakini gauni lilikuwa la kuuzwa. Nakiri kwamba ni picha nzuri kupita kiasi. Mwaka 2010 nakala yake kubwa iliuzwa mnadani Paris kwa euro 841,000, na hakuna aliyenunua gauni siku hiyo. Mwenzangu akapiga goti lake kwa furaha. "Umeona? Biashara imekufa, sanaa imebaki." Mimi nilikuwa nikitazama miguu ya tembo. Wamefungwa minyororo.

Ya pili ilinichukiza. Mfaransa Guy Bourdin aliitengeneza mwaka 1975 kwa ajili ya viatu vya Charles Jourdan. Barabarani umechorwa mstari wa chaki kuonyesha mahali mwili ulipolala, pana doa la damu, na viatu vya rangi ya waridi vimetupwa huku na huku. Mtu aliyewahi kupita penye ajali ya basi katika barabara ya Morogoro, akaona kiatu kimoja cha mtoto majanini, hawezi kuitazama picha hiyo kwa raha. Nilisema ni ufidhuli. Mwenzangu akasema kwamba angalau Bourdin hadanganyi, hasemi kiatu kitakufanya mtu mwema.

Ya tatu ni ya mwaka 2007. Annie Leibovitz alimpiga picha Mikhail Gorbachev akiwa ameketi nyuma ya gari, begi la Louis Vuitton ubavuni pake, na nje ya dirisha masalio ya Ukuta wa Berlin. Ya nne ni ya mwaka 2010, ya mpiga picha huyo huyo na kwa kampuni hiyo hiyo. Mwimbaji Bono na mkewe Ali Hewson wameshuka kwenye ndege ndogo katikati ya mbuga, wameshika mabegi, na maneno ya tangazo yasema kwamba kila safari ilianzia Afrika. Mbuga ni pana, nyasi ni nzuri, lakini Mwafrika hayumo. Mjukuu wangu, ambaye ni mkweli, aliniambia kwamba wawili hao walianzisha kampuni ya nguo ya Edun mwaka 2005 kwa nia ya kukuza biashara na Afrika, hivyo nisiwahukumu haraka. Nikamjibu kwamba sina ugomvi na nia yao. Nilikuwa nauliza tu wenyeji wamekwenda wapi.

Hapo mwenzangu akatoa hoja yake kubwa, na ilikuwa nzito. Alisema sanaa haijapata kuishi bila mnunuzi. Wachongaji wa Kimakonde huchonga wakijua mtalii atakuja. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, hapa hapa mjini, kwa rangi za kung'arisha zinazopakwa baiskeli, akauza picha zake kwa Wazungu waliokaa Oyster Bay. Je, kwa kuwa aliuza, chui wake si sanaa?

Swali hilo lilininyima usingizi usiku mmoja. Jibu nililolipata alfajiri ni hili. Tingatinga aliuza chui, na mnunuzi akaondoka na chui. Lile tangazo la 2007 lanionyesha jambo jingine. Linanipa historia ya dunia, ukuta uliosimama tangu 1961 hadi 1989, ambako watu wasiopungua 140 walipoteza maisha, kisha nikifika dukani nauziwa begi. Uzito uliouhisi moyo wangu haukutoka katika ngozi ya begi. Umeazimwa. Na mwenye kuazima, kama kila mwanakijiji ajuavyo, sharti abishe hodi kwa mwenye mali.

Nilipozipima upya picha zile kwa kipimo hiki, nilishangaa kuona hukumu zangu zimegeuka juu chini. Bourdin, aliyenichukiza, aliazima kifo, na kifo hakina mwenyewe. Ile ni chaki, hakuna maiti ya mtu aliyedhalilishwa. Gorbachev alijikopesha mwenyewe kwa hiari, ingawa sijui kama ukuta ulikuwa wake kuukopesha. Wenye mbuga, ambao hata katika fremu hawakuingia, sijui nani aliwabishia hodi. Na tembo nani angewauliza?

Mwenzangu alisema kipimo changu ni cha mwalimu mkuu anayetaka kila kitu kiwe na barua ya ruhusa. Huenda. Lakini sikukiokota vitabuni, na hapa sina budi kusema jambo ambalo sikupata kulieleza familia yangu.

Katika miaka ya 1980 shule niliyoiongoza ilikuwa na madawati ya kuhesabika, watoto wengine walikaa sakafuni. Wakaja wafadhili, jina lao nitaliacha, na mpiga picha wao hodari. Alichagua mtoto wa darasa la tatu mwenye macho makubwa, akamweka mlangoni jua likimpiga ubavuni. Ilikuwa picha ambayo mwenzangu angeiita sanaa bila kusita. Tatizo lilikuwa viatu. Mama yake alikuwa amemnunulia viatu vipya juma lile, kwa fedha za korosho. Mpiga picha akaniangalia. Mimi ndiye niliyemwambia mtoto avivue. Nilivishika mkononi, nyuma ya kamera, mpaka kazi ikaisha.

Madawati yalikuja, sitini. Yule mtoto sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Tulikutana msibani miaka mingi baadaye, akanisalimu kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," tukazungumza ya shule. Kisha akasema polepole, bila hasira, kwamba mama yake aliiona picha ile kwenye kalenda ya wafadhili, katika ofisi ya kata, na hakwenda tena kwenye mkutano wa wazazi. Nilitaka kumtajia madawati. Sikuweza.

Nilimsimulia mjukuu wangu haya yote. Alinyamaza, kisha akauliza kama namkataza. Nikasema simkatazi, aende Feri kwanza bila kamera.

Alikwenda mara tatu. Kina mama walidai malipo sawa na ya mrembo, na mmoja alikataa katakata kupigwa picha akiwa na kanga ya kazini. Akaja siku ya pili amevaa ya Idi. Picha ninayo hapa mezani. Yule mama wa kanga ya Idi analitazama gauni la hariri na kucheka waziwazi, na mrembo anaona kwamba anachekwa. Mjukuu wangu anasema inauza vizuri kuliko zote. Mwenzangu anasema ile kanga imeharibu rangi za picha, ingekuwa kazi bora zaidi kama mama yule angebaki na nguo zake za kazini. Jana tulibishana tena.